Mbavu 9 au 12? Kutenganisha makombe ya pembe yanayofanana

"Habari mtaalamu. Nina kopo la makombe marefu yenye umbo la pembe ya ndovu, yako wazi pande zote mbili. Mengine nimeokota ufukweni mwenyewe na mengine nilipewa yakiwa yametungwa kwenye uzi kama shanga. Nimeyagawa mafungu manne: meupe laini, meupe yenye mbavu, ya kijani yenye mbavu, na madogo sana yanayong'aa ambayo yamevimba karibu na mdomo. Shida inaanza nikitafuta majina. Kitabu changu cha zamani kinaita yote Dentalium, mtandaoni naona Antalis, Fissidentalium, Gadila. Yale ya kijani nimehesabu mbavu, mengine 9 mengine 12, je hizo ni spishi mbili? Mengine ncha nyembamba ina mpasuko, mengine ina kibomba kidogo kinachochomoza, mengine imekatika tu. Programu ya simu inanipa jina jipya kila nikipiga picha upya. Na je naweza kuyaosha na siki ili mistari ionekane vizuri? Nataka kuandika lebo zilizo sahihi."

Siki weka mbali kabisa, nalijibu hilo kabla ya mengine yote kwa sababu likishafanyika halirudi. Makombe haya yamejengwa kwa kalsiamu kaboneti ya aina ya aragoniti, na asidi hata ile dhaifu ya jikoni inaanza kula pale pale kwenye mistari midogo unayotaka kuiona, yani unafuta ushahidi wenyewe. Tumia maji ya kawaida, mswaki laini, kausha kivulini, basi. Na kabla hujaosha chungulia ndani kwa tochi, kama kuna kitu kimekaukia humo usikitoe, nitaeleza mbele kwa nini.

Sasa swali lenyewe. Nikikuelewa vizuri, wasiwasi wako ni kwamba kila tofauti unayoiona inaweza kuwa spishi nyingine, ukiamua hivo kopo lako linakuwa na spishi kumi, ukikataa linakuwa na moja tu na yote yanaitwa Dentalium kama kitabu chako. Jibu la haraka ni hili: mbavu 9 dhidi ya 12 peke yake haitoshi kutenganisha spishi, mpasuko au kibomba peke yake navyo havitoshi, lakini yale madogo yaliyovimba karibu na mdomo hayo ni habari nyingine kabisa, hayako hata kwenye oda moja (oda ni ngazi ya kugawa viumbe, juu ya familia na jenasi) na yale makubwa, na inawezekana baadhi sio moluska, yani wanyama wa mwili laini kama konokono na chaza. Kwa hiyo mafungu yako manne si mabaya ila mistari ya ndani ya mafungu ndo inabidi tuichore upya.

Ili uelewe kwa nini nasema hivo lazima kwanza tumuelewe mnyama mwenyewe, maana watu wengi wanaangalia kombe kana kwamba ni kitu kilichotoka kiwandani kimekamilika. Hawa ni moluska wa ngeli (ngazi iliyo juu ya oda) ya Scaphopoda, jina lililotolewa na mtaalamu wa viumbe Bronn mwaka 1862, na spishi zilizo hai zinazojulikana ni zaidi ya 500, kutoka maji mafupi karibu na ufukwe hadi kina cha maelfu ya mita. Mnyama anaishi amejizika ndani ya mchanga au tope kichwa kikiwa chini, yani ule upande mpana ndo wa kichwa na mguu, na ncha nyembamba inaelekea juu ambako maji yanaingia na kutoka. Hana macho, hana mashavu ya kupumulia kama ya chaza, anapumua kwa ngozi ya joho lake, yani utando unaofunika mwili na kujenga kombe. Kwenye mdomo ana nyuzi nyembamba nyingi zinazoitwa kaptakula, zinapenya katikati ya chembe za mchanga na kunasa chakula, hasa foraminifera, yani viumbe vidogo vya seli moja vyenye gamba, halafu radula yake, yani utepe wa meno mdomoni, ambayo ni kubwa ukilinganisha na mwili inavisaga. Upande wa kombe uliobonyea ni mgongo na ule uliobinuka ni tumbo, hii ikae kichwani kwa sababu maelezo ya spishi yatakuambia mpasuko uko upande wa tumbo na usipojua tumbo ni lipi utapotea.

Haya, sasa sehemu muhimu kuliko zote. Mnyama akikua anaongeza kombe upande wa mdomo mpana, hapo hakuna ajabu, konokono nao wanafanya hivo hivo. Lakini mwili ukinenepa ile ncha ya nyuma iliyojengwa akiwa mchanga inakuwa nyembamba mno, maji hayapiti ya kutosha, kwa hiyo joho lake linayeyusha na kukata ile ncha kidogo kidogo ili tundu libaki na upana unaomfaa. Ni kama penseli inayorefushwa upande mmoja huku ikichongwa upande wa pili. Kombe la mzee halina tena sehemu aliyoijenga utotoni, imepotea, na hilo kombe la kiluwiluwi ambalo kwa moluska wengine tunalitegemea sana kuwatofautisha, huku mara nyingi halipo. Spishi nyingi pia baada ya ncha kukatika zinajenga kibomba kifupi chembamba kutokea ndani ya lile tundu, halafu nacho kinavunjika, kinajengwa tena. Sasa ukichukua makombe matatu ya spishi moja, moja lina kibomba, moja limekatika sawasawa, moja lina pengo, unaweza ukadhani una spishi tatu na kumbe ni mnyama yule yule kwenye vipindi vitatu vya maisha.

Na mbavu je? Kwenye spishi nyingi zenye mbavu, zile za mwanzo zinaanzia kwenye ncha, halafu kombe linavyopanuka kuelekea mdomoni mbavu mpya zinachipuka katikati ya zile za zamani. Zinaanza kama uzi mwembamba halafu zinanenepa mpaka wakati mwingine huwezi kujua ipi ya zamani ipi mpya. Kwa hiyo swali "lina mbavu ngapi" halijakamilika, inabidi useme umehesabia wapi. Ukihesabu kombe moja kwenye ncha ukapata 9 na lingine kwenye mdomo ukapata 12, hujalinganisha chochote. Na hata ukihesabu yote kwenye ncha bado kuna shida, kwa sababu ncha ya mzee ni sehemu ambayo kwa kijana ilikuwa katikati ya kombe! Kuna spishi nyingine zinafanya kinyume, mbavu ziko nyuma tu na zinafifia kuelekea mdomoni mpaka panakuwa laini kabisa, jenasi Antalis ina spishi nyingi za hivi, na mzee aliyeshapoteza ncha anaweza kuonekana laini mwili mzima ukamuweka kwenye fungu la spishi laini kimakosa.

Mpindo nao hivo hivo. Sehemu ya nyuma ndo iliyopinda zaidi na sehemu ya mbele inanyooka, kwa hiyo kombe lililopoteza ncha linaonekana limenyooka kuliko ndugu yake. Kitabu kikisema "limepinda sana" au "limepinda kidogo" bila kueleza umri wala urefu, maneno hayo yana thamani ndogo.

Kwa hiyo dawa ni moja, linganisha mahali panapolingana. Mi naomba watu waache kulinganisha kombe zima kwa kombe zima, badala yake chagua upana fulani, tuseme pale kombe lilipo na upana wa milimita 3, pima kwa kalipa, weka alama kwa uzi (usitumie wino), na hesabu mbavu hapo kwa makombe yote ya fungu hilo. Kisha rudia kwenye milimita 5. Ukifanya hivi kwa yale ya kijani utaona moja kati ya mambo mawili: ama tofauti ya 9 na 12 inayeyuka, yani kwenye upana sawa yote yana idadi inayokaribiana na yale ya katikati yenye 10 na 11 yapo, hapo una spishi moja yenye kubadilikabadilika, ama tofauti inabaki na hakuna ya katikati, mengine yote 9 mengine yote 12 kwenye upana ule ule, hapo ndo nitaanza kusikiliza hoja ya spishi mbili. Tofauti ya spishi inaonyeshwa na pengo kati ya mafungu, na pengo hilo liambatane na kitu kingine, mfano umbo la ubavu au mistari midogo iliyo katikati ya mbavu au unene wa ukuta.

Umbo la ubavu watu wanalisahau kabisa na kwangu lina uzito kuliko idadi. Tazama kombe kwa kulielekeza mdomo kwako. Je mbavu ni kali kama kingo, au ni za mviringo? Nafasi kati ya mbavu ni bapa au imebonyea? Dentalium octangulatum ya bahari za Hindi na Pasifiki kwa kawaida ina mbavu 8 na mkato wake unaonekana kabisa ni umbo la pembe nyingi, lakini yenye 7 au 9 haishangazi mtu. Ukipata yenye 9 iliyo na kingo zile zile na nafasi bapa zile zile, idadi isikutishe. Fissidentalium kwa upande mwingine huwa ni makombe makubwa mazito yenye mbavu nyingi nyembamba zilizobanana, na spishi nyingi zake zina mpasuko mrefu kwenye ncha, ila hata zenyewe mpasuko unaweza kukosekana kama ncha imekatika karibuni au imevunjwa na mawimbi.

Yale yako ya kijani, kama yametoka Bahari ya Hindi au magharibi mwa Pasifiki, wa kwanza kumfikiria ni Dentalium elephantinum aliyeelezwa mwaka 1758 na Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyeanzisha mfumo huu wa majina. Ana mbavu kama 10 nene, kijani kilichokolea upande wa mdomo na kinachopauka kuelekea ncha. Anayechanganywa naye ni Dentalium aprinum ambaye ni mwembamba zaidi na rangi yake hafifu. Sasa angalia hapa, rangi peke yake itakudanganya kwa sababu kombe lililokaa juani ufukweni linapauka, elephantinum aliyepauka na aprinum wa kawaida ukiviweka kwenye picha vinafanana sana. Pima uwiano wa upana wa mdomo kwa urefu, na usisahau yale niliyosema, linganisha wenye upana wa ncha unaolingana, vinginevyo aliyepoteza ncha ataonekana mnene mfupi bure.

Kwa yale meupe mfano mzuri wa kujifunzia ni jozi ya Ulaya, Antalis entalis na Antalis vulgaris. Ukubwa unakaribiana, weupe wote, wamepinda kiasi kile kile, na maeneo yao yanapishana, watu wamewachanganya miaka mingi. Tofauti inayosaidia iko kwenye theluthi ya nyuma: vulgaris ana mistari mingi midogo inayokwenda kwa urefu na uso wake hauna mng'ao, ncha wakati mwingine ina wekundu kidogo, wakati entalis ni laini inayong'aa na unaona mistari ya ukuaji tu inayozunguka. Mistari hii huioni kwa taa ya juu kichwani. Zima taa, weka tochi pembeni ili mwanga upite juu ya kombe kwa mshazari, zungusha taratibu chini ya lenzi ya mara 10, hapo utaviona vivuli vya mistari. Nimesema mfano wa kujifunzia tu, kwa sababu kama yako hayajatoka Ulaya basi majina hayo hayakuhusu hata yakifanana vipi, na hapa ndo naomba unisikilize vizuri: mahali kombe lilipookotwa ni sehemu ya utambuzi wenyewe. Yale ya kwenye uzi wa shanga huna habari yake, na isitoshe ncha zake mara nyingi zimekatwa kwa msumeno ili uzi upite, utaona ukingo umenyooka kabisa na mikwaruzo ya kifaa. Hayo yaweke fungu la peke yake, usiyatumie kuamua lolote kuhusu ncha.

Kama miongoni mwa meupe laini kuna mengine membamba sana yanayopitisha mwanga yenye mpasuko mwembamba mrefu kama uliochorwa kwa wembe upande wa tumbo, fikiria Fustiaria. Kama ni laini bila mpasuko wowote, nene kidogo, kuna Laevidentalium. Kama ni vidogo kama sindano na kibomba kinachomoza nyuma, kuna Episiphon. Unaona sasa kwamba ncha sijaitupa kabisa, inasaidia sana pale unapokuwa na makombe kadhaa na angalau machache yana ncha nzima, ninachokataa ni kumpa jina kombe moja kwa sababu ya ncha moja.

Twende kwa yale madogo yaliyovimba. Scaphopoda wamegawanyika oda mbili, Dentaliida na Gadilida, na mgawanyo huu unatoka kwa mwili wa mnyama zaidi ya kombe. Dentaliida wana mguu wa umbo la koni wenye mabawa pembeni, anausukuma mchangani halafu mabawa yanafunguka na kumshikilia. Gadilida mguu wao ni mrefu kama mnyoo na mwishoni una sahani yenye vichomozo pembezoni, anaupeleka mbele halafu anaitanua sahani anajivuta. Hata radula inatofautiana, jino la katikati la Dentaliida ni pana kuliko kimo chake, la Gadilida upana na kimo vinakaribiana. Uchunguzi wa DNA nao umeunga mkono oda hizi mbili, ingawa ndani ya Dentaliida baadhi ya familia zilizojengwa kwa sura ya kombe tu hazijasimama imara.

Kwa mtu mwenye kombe tupu kama wewe, alama ya nje ni kwamba Dentaliida sehemu pana kuliko zote ni mdomo wenyewe, wakati familia ya Gadilidae sehemu pana iko nyuma kidogo ya mdomo, halafu kombe linabana tena, na uso kwa kawaida ni laini unaong'aa kama kaure. Hayo ndo maelezo ya madogo yako. Humo ndani Cadulus wamevimba sana hadi wanaonekana kama pipa, Gadila ni warefu zaidi na uvimbe wa kiasi na ncha isiyo na mapengo, Dischides wana mipasuko miwili kwenye ncha, Polyschides kwa kawaida minne. Hapa ncha inatumika sana kuliko kwa wale wakubwa lakini iwe nzima, na usiitazame kwa macho matupu, kombe la milimita 6 ncha yake inahitaji hadubini. Sheria hii ya uvimbe ina wanaoivunja, familia ya Entalinidae wako Gadilida lakini wana mbavu na mdomo ndo sehemu pana, yani ukitazama kombe ungeapa ni Dentaliida. Bila mwili wa mnyama hata mtaalamu anakwenda kwa tahadhari kwao.

Na kabla hujaandika Gadila kwenye lebo hakikisha kwanza sio mnyoo. Kuna mnyoo wa bahari anaitwa Ditrupa arietina, anajenga mrija mweupe wa chokaa uliopinda kama pembe, wazi pande mbili, umevimba karibu na mdomo halafu unabana, na hajishikizi kwenye jiwe kama jamaa zake, analala huru kwenye mchanga. Mtaalamu wa wanyama Müller alipomweleza mwaka 1776 alimuweka kwenye Dentalium, kwa hiyo kosa hili ni la zamani na lilifanywa na watu makini. Tazama ukingo uliovunjika kwa lenzi: ukuta wa Ditrupa una tabaka mbili zinazoonekana, ya nje kama kioo inapitisha mwanga na ya ndani nyeupe isiyopitisha. Wengine wa kuondoa kwenye fungu ni konokono wadogo wa jenasi Caecum, wa milimita chache, wanafanana na kipande cha mrija uliopinda lakini upande mmoja umezibwa, na vilevile makombe membamba ya konokono wanaoelea baharini kama Creseis ambayo ni koni nyembamba iliyofungwa nchani. Kombe la pembe la kweli liko wazi pande zote mbili, pitisha pumzi au unywele mwembamba utajua.

Kuhusu majina kubadilika, kitabu chako hakikukosea kwa wakati wake. Linnaeus alipoanza aliweka wote kwenye Dentalium, na kwa muda mrefu watu waliendelea kuliacha jina hilo litawale huku wengine wakiligawa vijigawo ndani yake, baadaye vijigawo vikapandishwa kuwa jenasi kamili. Kuna alama inayokusaidia kufuatilia: jina la aliyeeleza spishi likiwa ndani ya mabano, mfano Antalis entalis (Linnaeus, 1758), maana yake spishi ilielezwa chini ya jenasi nyingine halafu ikahamishwa. Bila mabano, kama Dentalium elephantinum Linnaeus, 1758, bado iko nyumbani kwake. Ukitaka kujua jina la kitabu cha zamani linaitwaje leo liandike kwenye MolluscaBase, hazina ya majina ya moluska iliyoko mtandaoni, itakuonyesha jina linalokubalika sasa. Ila hiyo inakusahihishia jina tu, haikuhakikishii kwamba kombe lako kweli ni hilo, na watu wengi wanachanganya mambo haya mawili.

Programu ya simu isikusumbue akili. Inaona picha ya ubavuni, haina kipimo, haioni mkato wa mbavu wala ncha, na imefundishwa kwa picha ambazo nyingi wenyewe walioziweka walikisia. Kwenye vipepeo inasaidia, huku inakupa jenasi maarufu tu. Ukitaka mtu akusaidie kwa picha piga nne kwa kila kombe: ubavuni huku mpindo ukionekana wote na rula kando, mdomo ukikutazama, ncha ikikutazama, na theluthi ya nyuma kwa mwanga wa mshazari. Andika urefu, upana wa mdomo, upana wa ncha, na kimo cha mpindo, yani umbali kutoka mstari ulionyooka wa ncha hadi mdomo mpaka pale kombe lilipobonyea zaidi, pamoja na umbali wa hapo kutoka kwenye ncha. Vipimo hivi ndo wataalamu wanavyotumia na makombe 10 au 15 ya mahali pamoja yaliyopimwa hivi yana thamani kuliko kombe moja zuri la kupendeza.

Jambo lingine kuhusu mahali. Kombe tupu linasafiri. Mawimbi yanalibeba, na kuna kaa wanaohamia makombe ya wengine pamoja na minyoo wa kundi la sipunkula, mfano Phascolion, wanaofanya makombe haya nyumba na kutembea nayo. Ukiona tope limezibwa mdomoni na tundu dogo katikati, huyo ni mpangaji. Kwa hiyo kina cha maji ulichookotea hakisemi mnyama mwenyewe aliishi kina hicho. Na ukiona tundu la mviringo lililotobolewa vizuri ubavuni, hilo ni la konokono mwindaji wa familia ya Naticidae, usilihesabu kama umbo la spishi!

Kwa lebo zako nakushauri uwe mkweli kiasi cha ushahidi ulio nao. Una njia tatu. Unaweza kuishia kwenye jenasi, "Antalis sp.", na si aibu hata kidogo, makumbusho makubwa yana droo zimejaa lebo za hivyo. Unaweza kuandika "Dentalium cf. elephantinum", hiyo cf. inamwambia msomaji kwamba linafanana na spishi hiyo lakini halijathibitishwa, mi kwa yale ya kijani ningeenda na hii. Na unaweza kutoa jina kamili pale tu mahali panajulikana, alama zaidi ya moja zinakubaliana, na umelinganisha na kombe lililotambuliwa kwa uhakika. Hasara ya njia ya kwanza ni kwamba inakunyima raha ya jina, lakini jina la uongo likishaingia kwenye lebo linaweza kuishi kuliko wewe na mtu wa kesho akalitumia kuchora ramani ya mahali spishi inapoishi, hilo ndo linaloniuma zaidi kwenye mikusanyo mingi. Na mahali na tarehe viandikwe siku hiyo hiyo ya kuokota, jina linaweza kusubiri miaka.

Ni wakati gani uende kwa mtu ana kwa ana? Nenda kama chungulio lako la tochi limeonyesha mnyama aliyekaukia ndani, kwa sababu hata mwili uliokauka radula yake inaweza kupatikana, na hiyo peke yake inaweza kumaliza ubishi wa oda. Nenda na yale madogo yote ya Gadilidae na chochote chenye mbavu unachohisi ni Entalinidae, hayo bila hadubini nzuri utakisia tu. Nenda kama baada ya kupima kwa upana sawa yale ya kijani yamebaki mafungu mawili yasiyo na katikati. Pa kwenda ni makumbusho ya historia asilia yenye mkusanyo wa moluska au idara ya chuo kikuu inayofundisha sayansi ya bahari, uliza mtunza moluska, ndani yake kuna makombe ya kulinganisha ambayo picha haiwezi kuchukua nafasi yake. Ukija kupata mnyama hai kihalali, muhifadhi kwenye ethanoli kali, formalini inaharibu DNA.

Mpaka hapo utunze vizuri ulichonacho. Usiweke kwenye droo ya mbao mbichi, pamba au kadibodi ya kawaida iliyofungwa bila hewa, mvuke wa asidi unaotoka humo unaotesha juu ya kombe unga mweupe wa chumvi unaolila polepole na watu wanadhani ni ukungu. Vichupa vya kioo au plastiki safi, karatasi isiyo na asidi, sehemu kavu. Kila kichupa kiwe na namba yake, na yale ya kwenye uzi yabaki peke yake na lebo inayosema wazi kwamba mahali hapajulikani. Ukishapima yale ya kijani kwenye milimita 3 na milimita 5 niandikie namba zenyewe, zote, hata zile ambazo hazikubaliani na wenzake, tutazitazama pamoja.